Kusaini kwa Imani

Tusekile alikuwa mtu mwenye kinyaa na wala hakukificha. Kila asubuhi, kabla hajagusa kibodi ya ofisi yao pale Mpemba, aliifuta kwa spiriti, maana bosi wake, Ombeni, alikuwa na tabia ya kula chipsi juu yake. Lakini mafuta ya chipsi yalikuwa jambo dogo. Kilichomtia kichefuchefu hasa ni maneno mawili ya Ombeni: "Kwangu imekubali."

Kazi yao ilikuwa friji za chanjo za zahanati. Kila friji ilifungwa kompyuta ndogo ya Linux, isiyozidi kiganja cha mkono. Kihisi cha joto kiliipelekea namba, nayo ikapiga kengele joto likipanda au baridi ikizidi. Baridi ndiyo mbaya zaidi. Chanjo ya pepopunda ikishaganda imeharibika, na ukiiangalia kwenye kichupa unaiona nzima.

Programu aliiandika Ombeni. Vifurushi vyake, yaani mafaili ya kusakinisha programu hiyo, aliviunda kwenye laptop, hata vile vya kompyuta ndogo, ambayo prosesa yake ni ya ARM, aina nyingine kabisa. Laptop iliweza kuviunda lakini si kuviendesha. Kwa hiyo kazi ya Tusekile ilikuwa kuvipakia kwenye kompyuta ndogo yenyewe, kuvijaribu, kisha kusaini kwenye daftari chini ya sahihi ya Ombeni.

Siku hiyo ya Agosti Ombeni alikuwa anawahi Chitete kufunga mashine kumi na mbili. Akaweka daftari mezani kabla Tusekile hajawasha chochote.

"Tuse, kwangu imekubali. Saini kwa imani, gari linasubiri."

Kusaini kwa imani ulikuwa mtindo wa ofisi ile. Ukiwa na haraka, au msiba, unamwamini mwenzako, unaweka sahihi, mtapima baadaye. Hiyo baadaye haikuwahi kupewa tarehe. Tusekile akasema hasaini. Ombeni akacheka, akamwambia anakagua vifurushi kama mama mkwe anavyokagua masufuria.

Tusekile alitoka, akanunua barafu tatu za ubuyu kwa jirani, akazipondaponda kwenye kikombe na konzi ya chumvi, akatumbukiza kihisi pamoja na kipimajoto cha kawaida. Kipimajoto kikashuka hadi nyuzi tatu chini ya sifuri. Alipounganisha kihisi na laptop, yenye toleo lake la programu hiyo hiyo, kengele ililia vizuri tu. Alipokihamishia kwenye kompyuta ndogo, kimya. Akasubiri dakika tano, bado kimya. Akafungua kumbukumbu za mashine, akakuta imeandika joto la nyuzi mia mbili hamsini na tatu.

"Friji gani inafika mia mbili hamsini na tatu?" Ombeni akauliza.

"Hakuna. Ndiyo maana programu yako imeitupa hiyo namba ikanyamaza."

Alimwelezea akiwa amekunja pua. Ombeni aliihifadhi namba ya joto mahali ambapo prosesa ya laptop inakubali namba za chini ya sifuri bila kuambiwa. Ile ya ARM, isipoambiwa waziwazi, haizitambui, inazigeuza kuwa kubwa, hasi tatu ikawa mia mbili hamsini na tatu. Ombeni akasema basi ni neno moja la kuongeza, kosa dogo, wala asinune. Tusekile alimtazama vidole vyake vyenye mafuta, akamchukia kabisa.

Akavuta daftari ili aone sehemu hiyo mbovu iliingia lini. Ilikuwa Mei, kwenye toleo lililopelekwa zahanati ya Ikinga, milimani. Chini ya sahihi ya Ombeni palikuwa na sahihi yake yeye, safi, imenyooka. Tarehe aliikumbuka. Ni siku waliyomzika mama yake mdogo kule Mbozi, naye alisaini akiwa amesimama, mkoba begani, huku gari likipiga honi nje.

Juni na Julai kule milimani baridi ni ya kutafuna mifupa. Alifuta kiganja kwenye sketi, akafuta tena, kisha akampigia simu Sista Gwantwa, muuguzi wa zahanati hiyo, akamuuliza kama kengele ya friji imewahi kulia.

"Hata mara moja, mdogo wangu," Gwantwa akasema kwa furaha. "Mungu awabariki. Ile ya zamani ilitupigia kelele kila asubuhi ya baridi. Hii yenu imetulia. Hapa nina foleni ya wajawazito wa sindano ya pepopunda, acha niwachome kwanza, nitakupigia."

"Sista, usimchome mtu. Chanjo ziliganda, kengele yetu haioni baridi."

Sauti za wanawake zilisikika nyuma, mmoja akicheka.

"Si mlisema mashine imekaguliwa?" Gwantwa akauliza taratibu. "Nani aliikagua?"

"Hakuna," Tusekile akasema. "Lakini sahihi ni yangu."