Tiketi ya Mama wa Nyacheki

Juzi katika ofisi ya tiketi mjini Kisii, mama mkulima wa chai kutoka Nyacheki alimpa karani simu yake amchapishie tiketi ya ndege. Karani alimtazama mara mbili.

“Mama, hii ni ya daraja la kwanza. Nani alikununulia?”

“Nimejinunulia. Nikingoja majani yangu ya chai yapimwe, natafuta kwa simu bei za tiketi zilizoshuka. Naenda ng’ambo kumwona binti yangu akihitimu udaktari. Tena shirika la ndege litanipa pointi za safari, zimsaidie baba yake aende naye siku nyingine.”

Karani alisimama, akampa tiketi iliyochapishwa kwa mikono miwili. “Mama, unatafutaje?”

Mama akavuta kiti, akaanza kufundisha. Sisi wateja tukasogea. Mimi mwenye digrii mbili, ambaye huketi nyuma ya ndege karibu na choo, nilitoa kalamu.