Njugu za Khasiala

Nilipokuwa mtoto, kazi ya kwanza ya maana niliyopewa nyumbani kwetu Khayega ilikuwa kumpeleleza mchawi. Mchawi mwenyewe alikuwa jirani yetu Khasiala, mjane mwenye kikohozi kikavu na kishamba cha njugu. Nilimwogopa kweli kweli.

Mdogo wangu Ambani alikuwa anakaribia miaka minne na hajasema neno. Ukimwita hageuki. Alipenda kupanga magunzi ya mahindi mstari mrefu kuanzia mlangoni, na ukigusa gunzi moja analia mpaka anatapika. Siku hizi ningejua pa kumpeleka. Miaka ile ya uhuru swali letu lilikuwa moja tu: ni nani aliyemfanya hivi?

Kukhu, nyanya yetu mzaa baba, alikuwa na jibu. "Huyo Khasiala anaangalianga mtoto mdomo," alisema. "Si macho, si nguo. Mdomo! Amemfunga ulimi." Kumwangalia alimwangalia, hata mimi nilimwona amesimama kwenye ua, amemkazia macho kama anayesubiri kitu. Mama alisema ni porojo tu, lakini akaanza kumfunika Ambani kwa leso kila Khasiala alipopita.

Jambo lilikuwa zito kwa sababu baba alikuwa amepata shamba Lugari, katika yale mashamba waliyoacha wazungu, na tungehama baada ya mavuno. Kukhu alikataa katakata mtoto aliyefungwa apelekwe kwenye boma jipya. "Mtaingiza laana kwa nyumba haijawashwa hata moto," alisema. "Huyu atabaki na mimi." Mama akakosa hamu ya kula. Nilimsikia akimwambia baba kwamba Ambani akibaki, naye anabaki.

Kwetu, anayeshukiwa kumdhuru mtoto kwa jicho huitwa aje aondoe madhara hayo mwenyewe, kwani hakuna mganga wa kumfanyia kazi hiyo. Basi Khasiala akaitwa. Watu wa ukoo walikaa uani wakingoja akane, aape, apige kelele. Alikohoa, akamtazama Ambani, akasema, "Haya. Nitamfungua. Lakini si kazi ya siku moja. Nitakuja kila asubuhi mpaka mhame."

"Mnaona? Amekubali," Kukhu alisema. Kisha akanivuta sikio. "Muhonja, kaa karibu nao. Angalia mikono yake."

Nikaangalia mikono. Khasiala alikaa chini kando ya ule mstari wa magunzi, akaongeza gunzi moja mwishoni, akanyamaza. Ambani akalitupa mbali. Kesho yake akaongeza tena, likatupwa tena. Ikafika asubuhi ambayo Ambani mwenyewe alimwekea gunzi mkononi. Hapo ndipo njugu zilipotoka. Khasiala alishika njugu moja iliyokaangwa karibu na mdomo wake, akasema "njugu", akangoja. Alingoja mpaka mimi nikataka kulia kwa uchovu. Macho ya Ambani yakipanda yakafika usoni pake, anampa. Baadaye macho hayakutosha, akataka na sauti.

Nilizishuku zile njugu. Niliiba moja nikaila, nikashinda kutwa nikijiongelesha ili nijue kama ulimi wangu bado unafanya kazi.

"Hakuna dawa, Kukhu," nikaripoti. "Anangoja tu."

"Wewe ni mtoto. Hawa watu wanafichanga dawa kwa kucha."

Mahindi yalikuwa yameanza kuvunwa Ambani aliposema, "Gu." Mama alikuwa anapepeta maharagwe, ungo ukamponyoka. Kabla hatujahama Ambani alikuwa anasema "gu", anasema "maji", na asubuhi moja akamshika Mama kidevu akasema "mama". Sijapata kuona mtu akilia kwa furaha namna ile.

Nilidhani sasa Khasiala ataombwa msamaha. Kukhu akawatangazia wote, "Si niliwaambia ni yeye? Angefungua aje kitu hakufunga?" Mama mmoja wa jirani, mwenye binti asiyesema, akaanza kuzunguka njia ya mbali kwenda sokoni ili asipite kwa Khasiala.

Siku ya kupakia vitu kwenye lori, Mama alinituma kwa siri nimpelekee Khasiala mkungu wa ndizi. Nilimpa, kisha nikamuuliza, "Senje, ni wewe ulimfunga?" Senje ni shangazi, na sikuwahi kumwita hivyo kabla.

"Hapana, mtoto wangu."

"Sasa mbona ulikubali?"

Alikohoa muda mrefu. "Nilikuwa na wangu kama yeye. Nilipoanza kumwelewa, surua ikamchukua. Ningesema si mimi, mama yako angenifungulia mlango?"

Ambani ni mzee sasa, yuko Lugari. Maneno yake ni machache, lakini anaomba chai, anaita ng'ombe kwa majina yao, na akichoka anasema amechoka. Nimewaona mjini walimu vijana wakikaa sakafuni na watoto kama yeye, peremende mkononi, wakingoja. Hunifurahisha, na huniuma pia, maana wao wazazi huwashukuru.

Nikirudi Khayega, wazee wakimtaja Khasiala husema ndiye aliyemfunga mtoto wa watu ulimi, halafu akamfungua. Nusu ya maneno hayo ni kweli.