Gundi ya Mfuko wa Chokaa

Kila baridi ya Julai inapoanza kupenya chini ya mlango hapa mtaani Jericho, mwanangu, kuna siku moja ambayo hunirudia hata nisipoiita. Nilikuwa na umri kama wako, na uso kama ule ulioniletea Jumapili iliyopita, ulipokaa kwenye kiti hicho ukaichezea githeri kwa kijiko mpaka ikapoa. Ukaniambia wamekupa kazi ya kuchagua gundi ya mifuko huko kiwandani, na kwamba unaogopa. Nilinyamaza, kwa sababu sisi wazee tukijibu upesi mara nyingi tunasema upuuzi. Leo nitakujibu.

Mimi nilifanya kazi kwenye karakana ya mifuko ya karatasi kule Viwandani. Tulitengeneza mifuko ya chakula cha mifugo, na gundi yetu ilikuwa uji wa wanga wa muhogo, tuliopika wenyewe kwenye pipa. Nilikuwa hodari wa uji ule. Nikiuchota kwa mwiko na kuutazama unavyodondoka, nilijua kama utashika au hautashika. Wenzangu walinitania kwamba atakayenioa atakula gundi na mboga.

Kisha ikaja kazi mpya. Msagaji mmoja wa chokaa ya kujengea alitaka mifuko yenye utando mwembamba wa plastiki ndani, ili chokaa isipate unyevu. Mwenye karakana alikuwa amesafiri kwenda mazishini, akaacha neno kwamba gundi ya kitako ataichagua Njeri. Njeri ndiye mimi. Na kitako unakijua: uzito wote unakaa pale.

Sasa sikia kilichoninyima usingizi. Kaka yangu Kamau, babu yako, alikuwa kibarua wa kupakia mizigo kwa msagaji huyohuyo. Mifuko nitakayobandika mimi ataibeba yeye begani, shavu likigusa karatasi. Chokaa si unga wa ugali. Ikimwagika ikaingia jichoni inachoma, na mwenzao mmoja wa kule kazini alikuwa tayari anatembea akishikwa mkono. Kila nilipofikiria kitako, niliona macho ya kaka yangu.

Gundi zilikuwa tatu. Uji wa muhogo niliuamini, lakini ulikuwa umezoea karatasi tupu na sikujua utaelewana vipi na plastiki. Kulikuwa na gundi ya moto, ile ya punje zinazoyeyushwa kwa mashine, inashika papo hapo ukihesabu vidole. Na kulikuwa na gundi nyeupe ya maji, ambayo wakati wa baridi ilitaka mfuko ulazwe chini ya uzito hadi kesho yake. Lori la msagaji lilikuwa linakuja siku hiyo hiyo mchana.

Nilifanya nini? Niliuliza watu. Kuuliza si ujinga, nilijiambia. Nikamwuliza fundi wa mashine, akasema gundi ya moto. Nikawauliza akina mama wa kukunja, wengine wakasema uji, wengine moto. Hata mama wa mandazi langoni nilimwuliza, masikini, naye akaniambia nichague ile isiyonuka. Nilizunguka karakana nzima, na kila jibu lilinipoza kidogo tu, kisha woga unarudi. Mwishoni gundi ya moto ikawa na watu wengi upande wake, nikaenda kwa msimamizi wetu, Mzee Omari wa Majengo, nikamwambia wote wamekubaliana.

Mzee Omari alikuwa mpole, mtu wa kusalimia hata paka. Siku hiyo hakuwa mpole.

"Binti yangu," akasema, "wewe hutafuti jibu. Unatafuta watu wa kulaumiwa pamoja nawe."

Uso wangu ukawaka. Nilitaka kulia, nitakuambia ukweli, na nilimchukia kwa muda mfupi. Yeye akaendelea tu kufunga kamba za viatu vyake.

"Umewauliza wote hao. Mfuko umeuuliza?"

"Mfuko unaulizwaje, mzee?"

"Kwa kile utakachobeba. Chokaa inatoka kwenye kinu ingali na joto. Tafuta kitu chenye joto, ujaze, ungoje."

Basi tukakaanga mchanga kwenye sufuria kubwa ya kupikia uji, mpaka ukawa na joto la kuvumilika mkononi. Nikachukua mfuko mmoja wa kila gundi; ule wa gundi nyeupe ulikuwa sampuli niliyoibandika jana yake. Nikajaza, nikaisimamisha ukutani, nikasimama mbele yake kama mama mbele ya wodi. Kitako cha uji kiliachia hata kabla sijaushikilia mfuko vizuri. Uji wangu, mwanangu, uji niliojivunia! Ulikuwa umekauka juu ya plastiki ukabanduka kama ukoko. Ile mingine miwili ilisimama, na wa gundi ya moto ulisimama vizuri kushinda wote, umenyooka, kingo safi. Nikaanza kupumua.

Hapo ndipo lori lilipofika, na Kamau akaingia ndani akipuliza vidole.

"Njeri, mnatuweka hapo nje mpaka saa ngapi? Watu wangu wamekufa na baridi."

"Bado tunajaribu gundi."

"Kujaribu nini? Hii si imeshika?"

Wabebaji wana desturi yao. Hawaamini mfuko kwa macho, wanauamini kwa bega. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameinama, ameukumbatia ule wa gundi ya moto, ameutupa begani. Ulikaa pale muda wa kutosha kumfanya anitazame kwa dharau. Kisha kile kitako, kilichokuwa kimelainika taratibu kwa joto la mchanga bila sisi kuona, kikafunguka mkunjo baada ya mkunjo. Mchanga wote ukamwagikia usoni, machoni, mdomoni, ndani ya shati.

Nilisimama na mikono hewani, nikimtazama akijipangusa macho kwa kiganja, na muda huo wote akili yangu ilikataa kuamini kwamba kile kilichomwagika ni mchanga. Nilikuwa naona chokaa.

Mzee Omari akampa maji. "Ni mchanga, Kamau," akamwambia taratibu. "Leo ni mchanga."

Kamau akatema, akanawa, akafungua jicho moja, halafu la pili. Nilimwona akimkumbuka yule mwenzao wa kushikwa mkono.

"Hiyo ingine inakauka lini?" akauliza.

"Kesho mchana."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," akasema, lakini alitoka akaenda kuliambia lori ligeuze.

Msagaji alikasirika, na nusu ya kazi aliipeleka kwa wengine. Siku hiyo vibarua walirudi nyumbani mikono mitupu, na wake zao walinisema huku sokoni hadi nikawa napita njia ya nyuma. Kesho yake nilishika kingo za vitako vya gundi nyeupe nikavuta kwa nguvu zangu zote. Karatasi ilichanika, gundi ikabaki. Bado niliogopa. Nilimfuata Kamau hadi kwa msagaji nikasimama pembeni nikitazama kila mfuko ukipanda begani kwake, mpaka akanifukuza akisema namwaibisha.

Sasa nasaha yangu ni hii, mwanangu. Usinitajie kwamba unaogopa kana kwamba ni ugonjwa. Anayechagua kitu kitakachobebwa na bega la mwingine lazima aogope. Ila woga usiupe kiti ndani ya nyumba yako, upe kazi. Uliza watu, ndiyo, asiyeuliza hanalo ajifunzalo, lakini usiwageuze kuwa ngao yako. Kile unachokijua sana kijaribu kwanza, maana ndicho kitakachokudanganya kwa upole. Na kinachoshika upesi kisikupe usingizi kabla hujakiona kwenye joto. Wakikwambia unachelewesha, waache waseme. Maneno ya sokoni huisha, mimi niliyamaliza.

Babu yako hajawahi kunishukuru hata leo. Juzi alikuja hapa, akasoma gazeti lote bila miwani, akaliweka chini, akanitazama usoni kwa makini na kuniambia nimezeeka vibaya. Nilimkaribisha chai.

Nenda kazini, mwanangu. Mungu akupe mkono usiotetemeka na moyo usiozoea. Atakayebeba kazi yako arudi kwake mzima, awatambue watoto wake kwa sura, wala asijue kamwe jina lako.