Mama Nipo na Dirisha la Nyuma

Siku tuliyomzika mama, mwenyekiti wa mtaa alisimama mbele ya waombolezaji akasema marehemu alikuwa mwanamke mwenye maono. Aliiona shida ya zahanati yetu mapema kuliko wataalamu, akapanga, akashawishi, akapambana, mpaka dirisha la nyuma likafunguliwa. Watu wakaguna kwa kukubali. Sisi watoto wake tukatazamana. Baba, aliyekuwa ameketi kati yetu na kofia yake magotini, aliinama akaninong'oneza: "Ilikuwa kandambili."

Na kweli ilikuwa kandambili.

Mama alituzaa wanne, mimi nikiwa kitindamimba, na mtaani walimwita Mama Nipo. Mkutano wowote ukifika mahali pa kuuliza nani atajitolea, sauti yake ilikuwa inalitangulia swali: "Nipo." Mara nyingi alisema hivyo kabla hajajua kazi yenyewe. Ndivyo alivyodaka mechi nzima golini kwa timu ya wazee wa mtaa, mimi nikiwa mgongoni mwake. Hawakufungwa hata bao moja, maana hakuna mpinzani aliyekuwa na moyo wa kupiga shuti kuelekea kwa mtoto aliyelala. Nyumbani hatukuwahi kulala njaa, ila mara kwa mara tuliamka na kumkuta kitandani mwetu mtu tusiyemjua, mgonjwa aliyekosa pa kufikia, na mama akatuambia tumwamkie kwanza, maswali baadaye.

Zahanati ndiyo ilikuwa makao yake makuu. Alishona nguo asubuhi, na cherehani ikishapoa alikwenda kupima watoto uzito, kufua vitambaa vya mizani na kuwatuliza akina mama waliochoka kungoja. Walichoka kweli. Dirisha lilikuwa moja tu, upande wa mbele, upande wa jua, na foleni yake ilikuwa ndefu kiasi kwamba watu walikuja na kikohozi wakaondoka na maumivu ya kichwa.

Siku hiyo alikuwa anapita nyuma ya zahanati na bunda la vitambaa kichwani, ukanda wa kandambili ukakatika. Akatafuta kivuli, akaegemea ukuta kwa mguu mmoja kama korongo, akawaza aufunge vipi. Akaja bwana mmoja amevaa koti kwenye joto lile, akamwuliza kwa adabu: "Samahani mama, wewe ndiye wa mwisho?"

Mama akageuka, akaangalia nyuma yake. Hakukuwa na mtu. Naye hakuwa mtu wa kusema uongo.

"Ndiyo," akasema, "ni mimi."

Bwana mwenye koti akasimama nyuma yake. Wakaja wanawake wawili wenye watoto, wakamwuliza yule bwana swali lilelile, naye akajibu kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kaa foleni. Mama alipoinua uso kutoka kwenye kandambili yake, mstari ulikuwa umefika mlangoni kwa kinyozi, na kinyozi mwenyewe alikuwa ameacha kichwa cha mteja nusu, wote wawili wamo foleni.

Walianza kumwuliza kinachotolewa ni nini. Akawaambia ukweli, kwamba yeye amekatikiwa na kandambili tu. Neno hilo likasafiri kwenda nyuma likibadilika njiani, na lilipofika kwa kinyozi likawa kwamba kuna wafadhili wanagawa viatu, na wanaanza na wenye viatu vilivyokatika. Mzee mmoja akakata vyake hapohapo.

Mama akaona aondoke, foleni ife yenyewe. Akachukua hatua mbili, na bwana mwenye koti akaweka jiwe pale aliposimama, akamwambia asiwe na wasiwasi, nafasi yake itatunzwa. Alipotazama nyuma akaona mjamzito ameshika kiuno na kikongwe anatetemeka miguu, na ule ugonjwa wake wa kujitolea ukampanda. Akaacha kuondoka. Akamleta kikongwe mbele, akamkalisha mjamzito juu ya bunda la vitambaa, akaagiza maji kwa jirani, akapita mstari mzima kwa mguu mmoja wa kandambili na mmoja mtupu, akiwapanga watu kwenye foleni isiyokuwa na mwanzo.

Huko mwishoni akamkuta baba, mikono ina grisi, ameacha baiskeli za watu zimepinduliwa.

"Baba watoto, unangoja nini hapa?"

"Nimesikia kuna foleni."

"Foleni ya nini?"

Baba akamtazama kwa mshangao. "Si wewe ndiye wa kwanza? Mimi nikajua unajua."

Wakati huo mkuu wa zahanati alichungulia, akaona umati umeelekea kwenye ukuta wake kwa utulivu na imani kubwa. Akaogopa. Akadhani kuna huduma imeamriwa kutoka juu na yeye amepitwa. Akampigia simu bosi wake, akamweleza kwamba watu wameshajipanga nyuma. Bosi naye hakutaka ijulikane kwamba hajui, kwa hiyo akamwambia aendelee kama ilivyopangwa. Mkuu akaita fundi mwashi aje atoboe dirisha ukutani.

Nyundo ilipoangusha tofali la mwisho, vumbi likatulia, na upande wa pili akaonekana muuguzi wa stoo, kikombe cha chai mkononi, nywele zimejaa chokaa. Yeye na mama walifahamiana miaka mingi. Mama alikuwa amerudi kwenye jiwe lake; wakatazamana kupitia tundu. Kazi ni kazi; muuguzi akaweka kikombe chini, akasema: "Karibu, nikusaidie nini?"

"Naomba pini," mama akasema.

Akapewa pini. Bwana mwenye koti akasogea, naye akaomba pini. Mwanamke aliyemfuata akaomba mbili, moja ya dada yake. Pini zikagawiwa mpaka kopo likaisha, na manung'uniko yakaanza kwamba walio mbele wamejipendelea.

Hapo mama akamgeukia bwana mwenye koti, akamwuliza taratibu kwa nini amevaa koti kwenye jua lile. Yule bwana akasita, kisha akalifungua. Mkono ulikuwa na kidonda kilichoiva, amekificha kwa sababu mara tatu alishindwa kufika dirisha la mbele. Mama akamwambia muuguzi alete dawa na bandeji, akashika mkono ule yeye mwenyewe wakati unasafishwa, na bwana mzima akalia kama mtoto. Nyuma yake kila mtu akaanza kukumbuka alichokuwa anaumwa. Hadi jioni dirisha lile lilikuwa limepima, limefunga vidonda na limeshauri, na hakuna aliyekumbuka viatu isipokuwa yule mzee, aliyerudi nyumbani pekupeku.

Halikuzibwa tena. Mama alilihudumia mpaka miguu ikamkataa, na kila aliposifiwa alieleza habari ya kandambili, na kila mara watu walicheka wakasema ana unyenyekevu.

Alitutoka mchana, mimi nikiwa karibu yake. Jirani alibisha hodi kuazima sufuria kubwa. Mama, amefumba macho, akaniambia: "Mpe. Ila arudishe na mfuniko." Akalala, hakuamka.

Wageni walipoanza kuuliza maneno yake ya mwisho, tuliitana jikoni, tukafanya kikao. Kaka mkubwa akaona aibu, akatoka akawatangazia kwamba mama alituusia tupendane. Mjomba, ndugu wa mama wa tumbo moja, akatikisa kichwa, akasema huyo si dada yake, dada yake angeulizia vyombo. Ikabidi tumwambie. Alicheka mpaka tukamletea kiti, na alipoketi ndipo akalia.