Mchezo Usiochezwa Kimya

Wenzangu wa semina ya wauguzi walipokwenda kutafuta viatu mjini Nairobi, mimi niliingia duka la michezo. Nikamwambia muuzaji nataka mchezo ambao mtu hawezi kuucheza akiwa kimya. Akanionyesha karata. Nikamwambia kwetu karata watu wanazicheza wamenuna. Akaleta drafti, nayo nikaikataa.

Shida yangu ilikuwa hii. Mume wangu anachimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, upande wa Geita, na binti yetu, kidato cha pili, anaishi bweni. Wanakutana likizo, hapa nyumbani Isaka, na mazungumzo yao ni shikamoo, marahaba, shule vipi, nzuri, basi. Wanapendana, hilo najua, ila hakuna anayejua aanzie wapi. Niliogopa binti atakua akimjua baba yake kama mgeni rasmi.

Muuzaji akafikiri, akanishushia kitabu kinene na kifuko cha dadu za ajabu, zenye pande nyingi kupita akili.

"Bodi yake iko wapi?" nikauliza.

"Haina bodi, mum. Mmoja anasimulia, wengine wanasema watafanya nini. Dadu ndiyo inaamua kama wataweza."

"Kwa hiyo unaniuzia maneno yangu mwenyewe."

Akacheka, akakiri kwamba ni karibu na hivyo. Nikakinunua, huku nikijiona mjinga wa kimataifa.

Likizo ikafika, mume wangu akarudi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu mimi nikampa dadu. Binti, ambaye Kiingereza chake kinaupita wangu mbali, alishakisoma kitabu, akawa msimulizi. Akatufikisha kwenye mlango wa pango ambamo joka limelalia dhahabu. Mimi nikasema nachomoa upanga. Mume wangu hakusogea.

"Paa la hilo pango likoje?"

Binti akapekua kurasa. "Hawajasema."

"Matimba yapo? Yale magogo ya kushikilia paa?"

"Baba, ni pango la joka."

"Hata joka linafukiwa."

Binti akaeleza kwamba sheria ni kurusha dadu. Ikitoka namba kubwa, paa ni zima. Mume wangu akaisogeza dadu mbali naye. "Mambo ya paa hayaachiwi dadu, ng'wanone, mwanangu. Mimi siingii."

Kimya kikarudi mezani. Nilitamani kumfinya.

"Sasa huko kwenu mnajuaje?" binti akauliza.

Mume wangu akachukua mwiko, akagonga ukuta. Mwamba mzima unalia hivi, akasema. Akagonga mlango wa kabati. Mbovu unalia hivi, na ukiusikia unatoka, humuagi mtu. Binti akaomba mwiko, akafumba macho, akagonga naye. Wakazunguka nyumba yangu yote, ndoo, sufuria, dirisha, wakibishana kipi kizima na kipi kibovu. Joka likaendelea kulala.

"Paa limewahi kukuangukia?" binti akauliza.

Mume wangu akanitazama. Hilo hata mimi sikuwa nalijua.

"Mara moja. Lilianguka nyuma yangu, likaziba njia." Akasimulia alivyokaa gizani akiwasikia wenzake wakichimba upande wa pili, na alivyoimba ili wajue alipo. Aliimba vibaya kiasi kwamba mpaka leo wanamtania kuwa walikazana kuchimba ili wamnyamazishe. Binti akacheka, na akicheka hivyo machozi yakamtoka.

"Mbona hukutuambia?"

"Niliogopa mtaishi roho juu." Akamfuta uso kwa kiganja. "Na wewe, huko bweni, nini kinakutisha?"

Binti akasogeza kiti karibu na cha baba yake, akaanza kueleza mambo ambayo mimi, mama yake, sijawahi kuyasikia. Nilifurahi mpaka nikaona nitalia mbele yao, nikaenda jikoni kuangalia wali ulioiva zamani.