Kilo za Nestory

"Ulimpima kama sangara, wifi, ukafurahi kama umeshamuuza!" Dorcas alifoka, hata wagonjwa wa benchi la pili wakasahau magonjwa yao.

Evelina hakuinua uso. "Daktari alisema kaka yako apimwe kila asubuhi."

"Alisema apimwe, hakusema apigiwe vigelegele!"

Huyu Evelina ndiye mpima samaki wa mwaloni Nansio, pale mitumbwi inaposhusha samaki, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Mizani yake ina sifa zake: iliwahi kupandishwa sangara mkubwa hata wavuvi wakavua kofia, wakamwamkia shikamoo. Mumewe, Nestory, alipougua moyo, akawa anaipanda hiyo hiyo kila asubuhi kabla mitumbwi haijarudi. Siku ya kwanza, sitini na moja. Siku ya nne, sitini na nne. Evelina akacheza peke yake, mchanga ukaruka mpaka Musoma. Tangu lini mshale ukapanda, mpima samaki akanuna? Akamtangazia kila mtu kwamba mumewe ananenepa.

Kumbe yalikuwa maji. Yalianzia miguuni, ndala zikagoma kuingia. Yakapanda mapajani, yakapanda tumboni, mwisho Nestory akawa analala ameketi. Jana wakavuka ziwa kuja hospitali hapa Mwanza, Nestory akalazwa. Daktari akapima damu, akaja na maneno ambayo Evelina hajayameza mpaka leo. Moyo ukielemewa na maji, alisema, hutengeneza homoni yake wenyewe, ukaipeleka kwenye figo: mwageni, mwageni, nazama. Homoni hiyo imejaa tele katika damu ya Nestory. Moyo umeita, umeita, na figo hazimwagi tena maji ya kutosha.

"Umeita wiki tatu," Evelina alisema, kama anayejisemea, "na mimi niko nje naimba."

"Si mliambiwa kilo mbili zikizidi mkimbie hospitali?"

"Nani kaambiwa? Aliingia kwa daktari peke yake, mimi nilikuwa nimepanga foleni ya dawa. Alitoka akasema nimpime, basi." Sasa Evelina aliinua uso. "Wewe hizo kilo mbili umezijuaje?"

Dorcas akashika ncha ya kitenge chake, akaikunja, akaikunjua.

"Wifi. Umezijuaje?"

"Aliniambia mwenyewe." Ile sauti ya kufoka ilikuwa imekwisha. "Alisema, 'Dada, usimwambie. Tangu tumzike mwanetu Queen sijamsikia akiimba. Sasa mshale ukipanda, anaimba. Mwache kidogo.' Nikamwapia. Nilidhani ni siku mbili tatu tu, wifi, nilidhani..."

"Ulijua!" Evelina alisimama, kanga ikamdondoka, asiiokote. "Nacheza mbele yako, Dorcas, unanipigia na makofi, kumbe unajua mume wangu ana..."

Mlango wa wodi ukafunguka. Nesi akatoka, akatazama benchi lote, kisha akamtazama Evelina. Mkononi alikuwa ameshika ndala za Nestory, zote mbili. "Pole, mama," akasema.