Dada Yangu Aliziba Moshi kwa Taulo

Moshi ulianza kutoka kwenye taa iliyokuwa juu ya kichwa changu, ndege ikiwa angani, na dada yangu akauziba kwa taulo.

Hamjasoma vibaya. Taulo.

Mimi ni mfagiaji wa ndege. Abiria wakishuka, napanda na ndoo yangu, nafuta meza, nafuta taa, naokota vitu mnavyosokomeza kwenye mifuko ya viti. Mengine siyasemi, mtaona aibu.

Sauti yangu ni ndogo tangu utotoni. Kazini wananiita Kimya.

Dada yangu, tumbo moja, alikuwa mhudumu mkuu kwenye ndege hiyo hiyo. Mama alipougua, mmoja wetu alilazimika kuacha shule amuuguze. Niliacha mimi, darasa la tano. Dada akasoma, akavaa sketi ya bluu na skafu shingoni, na alipopata kazi akanivuta na mimi. Tukaishi chumba kimoja. Nilimwamini kuliko ninavyojiamini mwenyewe.

Na Kapteni, rubani mkuu wa ndege ile, ndiye alikuwa mchumba wake.

Akija kwetu ananitania, "Kimya, leo umesema maneno mangapi?"

"Haya ndiyo ya kwanza, shemeji."

Anacheka mpaka anashika mbavu. Nilimpenda shemeji yangu. Sitawaficha.

Sasa shida ilianzia hapa.

Ndani ya ndege kuna simu. Moja iko nyuma kwa wahudumu, nyingine iko mbele kwa marubani. Marubani wanafungiwa mlango, hawaoni chochote kinachotokea nyuma. Macho yao ya huko ni wahudumu. Pua zao pia.

Siku moja dada alisikia harufu ya kuungua, akapiga simu mbele. Kumbe ni kahawa imekaukia kwenye birika.

Kapteni alisubiri tutue. Akatoka, akamfokea mlangoni, abiria wanapita na mabegi yao, mimi nimesimama pale na ndoo.

"Hapa mimi si mchumba wako! Utanipigia kwa kila kinachonuka? Usinipigie tena kwa upuuzi!"

Dada akaendelea kutabasamu. "Asante, karibu tena. Asante, karibu tena." Mpaka abiria wa mwisho. Kisha akajifungia chooni, na mimi nikabaki nje nafuta mlango uliokwisha kung'aa.

Tangu hapo wahudumu wakawa na utani wao: "Kapteni hapigiwi simu mpaka sketi ishike moto."

Walikuwa wanacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha, ila nani amuulize Kimya?

Siku ya tukio nilipanda kama abiria. Mfagiaji wa kituo kingine aliumwa, nikatumwa nikamshikie zamu. Nikapewa kiti cha nyuma kabisa. Nilikuwa naringa kimoyomoyo, leo na mimi nafungiwa mkanda na kuulizwa nitakunywa nini.

Ndipo nikauona. Mwembamba kama uzi, unatoka pembeni ya taa.

"Dada," nikamnong'oneza. "Huo ni moshi."

Akatazama. Akachukua taulo, akalikunja, akalikandamiza kwenye ule upenyo.

"Ni vumbi limepata joto. Kaa utulie."

"Mpigie Kapteni."

"Kimya!"

Jamani. Dada hajawahi kuniita hivyo. Yeye huniita mdogo wangu.

Akaenda nyuma ya pazia, kwenye simu yao. Hakukaa. Akarudi macho mekundu, nikadhani ni moshi umemwingia. Akalishika tena lile taulo.

Taulo likaanza kugeuka rangi. Mzee wa kiti cha mbele yangu akakohoa. Mhudumu mwingine, msichana mgeni kazini, alikuwa amesimama karibu na simu kama amegandishwa.

"Piga basi," nikamwambia.

"Mkuu wangu hajaniambia nipige. Nikifokewa je?"

Nikafungua mkanda. Nikapita pazia, nikabonyeza kitufe nilichokuwa nakifuta kila siku, nikainua simu.

"Si nimekukataza wewe...!"

"Shemeji, ni mimi. Kimya. Taa ya nyuma inatoa moshi na taulo linaungua."

Kisha ikaja sauti nyingine, ya rubani msaidizi, mwanamke mpole nisiyewahi kumsikia akiongea.

"Ni mwingi? Unaongezeka?"

"Unaongezeka."

"Mpe simu mhudumu. Tunakata umeme wa huko, tunageuza."

Taa zikazimika. Wahudumu wakaleta mtungi wa kuzimia moto. Watu walisali kwa sauti, kila mtu kwa dini yake. Tukarudi tulikotoka, tukatua, tukashuka kwa lile turubai la kuteleza linalofunguliwa mlangoni wakati wa dharura. Nilichubuka kiwiko tu. Nikamkumbatia dada pale chini, akanikumbatia kwa nguvu sana.

Nilidhani yamekwisha.

Jioni Kapteni alikuja kwetu. Hakunitania. Walisimama nje na dada wakiongea chini chini, na dada aliporudi ndani alilala bila kula, ameutazama ukuta.

Kesho yake tukaitwa ofisini. Meza ndefu, chupa za maji, mkuu wa usalama wa kampuni amekaa katikati. Akamuuliza dada chanzo cha moshi.

Dada akajibu bila kunitazama.

"Mfagiaji analowesha taa anapofuta. Nimemwonya mara nyingi, hasikii."

Mfagiaji.

Yeye ndiye aliyenifundisha kukamua kitambaa! Utotoni, kwenye beseni la mama, ananishika mikono: kaza, kaza, lisibaki tone.

"Na mbona hukumpigia Kapteni?"

"Niliona ni maji yake tu. Nikaona nitalimaliza mwenyewe."

Kapteni akaruka kimanga. "Hakuna mhudumu aliyenipigia. Ningeambiwa mapema, tungegeuza mapema."

Nikafungua mdomo. Kikatoka kitu kimoja tu: "Dada..."

Mkuu wa usalama akanyoosha mkono anipokonye kitambulisho cha kazi. Nikaanza kukivua shingoni. Dada yangu alikuwa anatazama chupa ya maji.

Ndipo rubani msaidizi akasema, "Simu ililia mara mbili."

Ofisi nzima ikageuka.

"Ya pili ni ya huyu binti. Ya kwanza Kapteni aliipokea, akasema, 'Si nimekukataza?' akakata. Aliyepiga hakupewa nafasi ya kutamka neno. Nilikuwa pembeni yake. Nilisikia nikanyamaza, kwa sababu hata mimi namwogopa."

Nikakumbuka pazia. Nikakumbuka yale macho mekundu.

Kumbe dada alipiga! Alipiga, akakatiwa, akarudi kuushika moto kwa mkono. Kisha akaja hapa kumficha aliyemkatia, na wa kumtupa mbele akaniona mimi.

Mnajua yule mwanaume alifanya nini? Alimnyooshea kidole.

"Huyu amezoea kunipigia kwa mambo ya mapenzi. Ningejuaje kama safari hii ana la maana?"

Dada akainama mpaka paji la uso likagusa meza.

Baadaye fundi alithibitisha: waya ulichubuka ndani ya dari. Hapakuwa na tone la maji. Kapteni akaondolewa, dada akashushwa cheo, mimi nikarudishiwa ndoo yangu.

Usiku ule nilimuuliza swali moja tu.

"Kwa nini mimi?"

Akalia kwanza. Kisha akasema, "Yeye asingenisamehe kamwe. Wewe nilijua utanisamehe."

Nimelirudia neno hilo kichwani mpaka limenichosha. Yaani wema wangu ndio alioupimia kisu.

Amehamia kwa rafiki yake. Siku hizi, kabla ndege haijaondoka, marubani na wahudumu wanasimama pamoja mlangoni, na rubani lazima aseme kwa mdomo wake: nipigieni, hata ikiwa ni kahawa, sitamfokea mtu. Nikiwa nashuka na ndoo nawasikia, na mwili unanisisimka. Maneno machache hivyo! Yangesemwa siku ile, ningekuwa bado nina dada.

Ananipigia kila jioni. Sipokei.

Hata sasa nikiandika haya, simu inatetemeka juu ya kitanda, jina lake linawaka.

Ninyi wenye vyeo, wenye nyumba, wenye wapenzi, mtu akikupigia mwache amalize. Ukimfokea aliyekuletea habari ya kahawa, hatakuletea ya moto. Na wewe uliyekatiwa simu, usitafute mpole wa kumtwisha mzigo wa mkali.

Inalia tena.

Nitapokea. Nitamwacha aongee mpaka mwisho, sitamkata.

Kumsamehe ni habari nyingine. Hiyo bado sijaijua.